Nenda Ukasome Mawe, Miche Iache Huko

"Jambo Papa Agronomo. Mimi ni mama wa miaka 58, mwalimu mstaafu, nakaa Lubumbashi, kartié ya Golf. Nyuma ya nyumba nimepanga mawe na kupanda aloe, kalanchoe na mimea mingine ya mawe. Kiangazi inapendeza, lakini kila mwaka ikifika mwezi wa kwanza mingine inaoza shingoni. Kwa muda sasa naandikiana na wenzangu wa Ulaya wenye mapenzi haya haya, nao wamenialika mwezi wa saba tuzunguke pamoja bustani za mawe za watu binafsi Ucheki, kisha Ujerumani, na siku moja tupande kwa miguu hadi bustani ya Schachen iliyo mlimani. Mwanangu mkubwa anasema nitatupa pesa, kwa kuwa mimea ya theluji haiwezi kuishi kwetu. Mimi naona Juni hapa baridi inauma kweli, kwa hiyo itaishi. Nataka kurudi na miche midogo kwenye sanduku, na kuwapelekea wenyeji wangu maua ya shaba, yale yanayoota kwenye vilima vyetu vya madini, pamoja na udongo wake kidogo. Niende? Na nikiwa kwenye uwanja wa mtu nifanye nini nisijiaibishe? Magoti yangu pia yananisumbua nikishuka ngazi."

Jambo sana, Mama. Umeuliza mengi, lakini naona linalokusumbua hasa ni moja: kama miche haitaishi Lubumbashi, safari hiyo ina faida gani? Mwanao ana haki kuhusu miche, ila kuhusu safari amekosea. Nenda. Kitu cha thamani kilichomo katika bustani hizo hakikaguliwi uwanja wa ndege na hakifi njiani: ni namna walivyoyapanga mawe na kuyaongoza maji. Na kwa maelezo yako ya mwezi wa kwanza, hicho ndicho unachokikosa nyumbani.

Tuanze na baridi ya Juni, maana wengi hapa mjini wanafikiri kama wewe. Ni kweli, usiku wa mwezi wa sita na wa saba kipimo chetu hushuka hadi nyuzi 6 au 8, na kwenye nyanda za juu za Katanga umande huganda kabisa. Lakini mchana wa siku hiyo hiyo jua linapandisha joto hadi nyuzi 25 au zaidi. Mmea wa Alpi, milima mirefu ya Ulaya, unahitaji baridi inayodumu wiki nyingi mfululizo, mchana na usiku, ili uamini kwamba msimu wa kulala umefika na baadaye umekwisha. Theluji nene inapoufunika, udongo chini yake hukaa karibu na sifuri, giza limetanda, na maji hayatembei. Mmea unalala mzimamzima. Kwetu usiku unauambia ulale, na saa nne asubuhi jua linauambia uamke. Matofaa ya Ulaya yaliyopandwa hapa yanateseka kwa sababu hiyo hiyo: yanatoa majani ovyo, na maua yanakuja machache bila mpangilio.

Kuna pia suala la mwanga. Prague mwezi wa sita mchana una zaidi ya saa 16, na mwezi wa kumi na mbili ni saa 8 tu. Mimea mingi ya kule inasoma tofauti hiyo ili kujua lini itoe maua. Sisi Lubumbashi mchana wetu mrefu kuliko yote hauzidi saa 13. Hakuna ujumbe wa kusoma.

Lakini hata hayo mawili si muuaji mkuu. Muuaji ni Novemba hadi Machi. Mmea hutengeneza sukari mchana na kuitumia usiku, na kadiri usiku unavyokuwa na joto ndivyo unavyoitumia zaidi. Milimani Ulaya usiku wa majira ya joto ni baridi, kwa hiyo akiba inabaki. Kwetu usiku wa Januari una nyuzi 16 au 17, na mmea unakuwa kama mama anayeuza mikate vizuri mchana kutwa, halafu jioni jamaa wanamaliza faida yote mezani. Baada ya miezi miwili, mitatu, umedhoofika. Hapo mvua inaloweka shingo yake, pale shina linapokutana na udongo, kuvu wanaingia, na asubuhi moja unaugusa unang'oka mkononi bila mizizi. Jentiana, saksifraga na androsace (maua ya milimani) utakazopewa Ucheki zitakufa hivyo hata ukizitunza usiku na mchana. Watu huzimwagilia zaidi wakidhani zimekosa maji, na hapo ndipo wanapozimaliza.

Sasa angalia aloe zako. Hazisumbuliwi na usiku wa joto. Ni za bara letu. Lakini zinakufa kwa mlango ule ule wa shingo. Ndiyo maana nasema uende.

Wacheki wamejulikana duniani kote kwa mtindo wa kupanga mawe bapa yakiwa yamesimama, yamebanana, nafasi kati yake ni nyembamba, na mimea inaishi ndani ya nyufa. Zdeněk Zvolánek ni mmoja wa waliousambaza hadi ng'ambo. Ukiuona mara ya kwanza utafikiri mtu amechimbua mgongo wa mlima na kuuacha wazi. Bustani nyingi za mawe ninazoziona kwetu zinafanywa kinyume: kifusi cha udongo kinarundikwa, mawe yanapachikwa juu yake kwa mapambo, kisha mimea inapandwa kwenye udongo uliobaki. Mvua ya kwanza kubwa inashindilia udongo ule, maji yanasimama nyuma ya kila jiwe, na jiwe lenyewe linageuka kizuizi.

Katika mtindo wa nyufa, jiwe linazama ardhini karibu theluthi mbili ya urefu wake. Yote yanaelekea upande mmoja na kuinama kwa pembe moja. Kati ya jiwe na jiwe wanaacha sentimita 2 hadi 5, wanajaza mchanga mkavu wenye chembe kubwa uliochanganywa na udongo kidogo sana, wanaushindilia kwa kijiti chembamba hadi chini, kisha wanaongeza tena. Mche unapachikwa wakati wa kujenga, mizizi ikiwa imekung'utwa udongo na kunyooshwa ndani ya ufa, halafu jiwe la pili linasogezwa kuubana. Juu wanamalizia kwa vipande vya jiwe lile lile, sentimita 2 au 3, ili shingo ikae kwenye kokoto kavu isiguse udongo. Mvua ikinyesha, maji yanashuka moja kwa moja, na ubao wa jiwe unaukinga mchanga wa chini usikauke haraka. Kwa hiyo mzizi unafuata unyevu kwenda chini, na shingo inabaki kavu. Hesabu hiyo haijali kama mvua ni ya Ucheki au ya Katanga. Sisi tunapata karibu milimita 1,200 kwa mwaka, na karibu zote ndani ya miezi mitano. Tunauhitaji ujenzi huu kuliko wao.

Wenyeji wako wamepanga mwezi wa saba, nadhani kwa sababu ya Schachen, maana kabla ya hapo theluji huko juu inachelewa kuondoka. Ujue basi kwamba kwenye bustani za chini, karibu na Prague, kilele cha maua ni Aprili na Mei. Utakuta mengi yamepita. Mtu anayekwenda kupiga picha za maua angesikitika. Kwako ni afadhali. Maua yakiwa yamejaa hakuna anayeangalia mawe. Piga picha za ubavuni, za mguuni mwa ukuta, za mahali maji yanapotokea. Pima pembe ya mawe kwa simu. Muulize mwenye bustani alichimba kina gani, alitandaza nini chini kabisa, na mchanga wake anautoa wapi. Na muulize ni mimea gani ilimfia na wapi. Watu hawa wakionyesha mimea hai wanakuwa wapole na wafupi wa maneno; ukiwauliza iliyokufa hawanyamazi, na pale ndipo utajifunza.

Jambo moja la mimea nitakupa, kwa sababu najua macho hayatatulia. Ukiwa kwa Wacheki tafuta mimea ya Drakensberg, milima ya Afrika Kusini na Lesotho. Wanaipenda sana. Rhodohypoxis, kimmea cha maua ya waridi na meupe kisichozidi kiganja, hulala mkavu wakati wa baridi na kuamka na mvua za majira ya joto ya kusini. Hiyo ndiyo kalenda yetu. Wao kule wanahangaika kuikinga na mvua ya majira yao ya baridi, wakati kwetu mbingu yenyewe inafunga Aprili na kufungua mwishoni mwa Oktoba. Delosperma, mmea wa majani manene, pia inastahili kujaribiwa. Siwezi kukuahidi kwamba usiku wetu wa joto hautaisumbua, lakini ina nafasi ambayo jentiana haina. Andika majina, kisha agiza mbegu kutoka kusini mwa Afrika kwa njia halali. Hakuna sababu ya kuizungusha hadi Prague.

Maana miche kwenye sanduku, Mama, hapana. Kutoka Ulaya kuingia Kongo, mche au mbegu vinahitaji cheti cha afya ya mimea kilichotolewa huko vinakotoka, pamoja na kibali cha kuingiza cha huduma yetu ya karantini ya mimea, kilichoombwa kabla ya safari. Mwenyeji akikupa kimche kwa upendo mlangoni, mshukuru na mwombe akutumie picha kikichanua. Mawe nayo yaache. Mwaka 1772 Joseph Banks alirudi kutoka Iceland na mawe ya volkano, mwaka uliofuata yakaingia katika bustani ya mawe ya Chelsea Physic Garden, London, na mpaka leo yapo. Yeye alikuwa na meli. Wewe una kilo 23 za mzigo wa ndege, na Katanga haina njaa ya mawe.

Kwenda na maua ya shaba ni kosa kubwa zaidi, ingawa naelewa moyo uliokutuma. Tangu tarehe 14 Desemba 2019 Umoja wa Ulaya haumruhusu msafiri kuingiza mmea, ua la kukatwa wala mbegu bila cheti. Matunda matano tu yameachwa: nanasi, nazi, duriani, ndizi na tende. Udongo wa kutoka kwetu umekatazwa kabisa, hata ule ulioganda kwenye soli za viatu vyako vya bustani unaweza kukuletea maneno, kwa hiyo vioshe na uvikaushe. Aloe na okidi zote za porini ziko pia chini ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na Kongo ni mwanachama.

Lakini hata kama sheria isingekuwepo ningekukataza. Vilima vyetu vya shaba vina mimea isiyopatikana popote pengine duniani, iliyozoea udongo ambao ungeua mahindi na maharagwe. Haumaniastrum katangense, ile ya maua ya zambarau ambayo wazee waliitumia kujua penye madini, ikipandwa kwenye udongo wa kawaida hushambuliwa na kuvu. Huenda shaba iliyo ardhini ndiyo inayoikinga. Ungeing'oa ife kwenye dirisha la mtu. Na kilima chenyewe huenda kimeshapewa kampuni ya mgodi, mimea iliyobaki inahesabika. Wapelekee picha kubwa zilizochapishwa, nyuma ya kila moja andika jina, mwinuko, rangi ya udongo na mwezi wa kuchanua. Kwao hiyo ni zawadi ya kweli, wataigombania. Ukitaka kitu cha kushika mkononi, nenda kwa mafundi wanaofua shaba kwa nyundo hapa mjini, mpe fundi picha ya ua hilo alichore kwenye sahani ndogo. Chukua risiti yake.

Kwa kuwa tumetaja shaba: ukirudi na hamu ya kujenga, usishawishike na mawe meusi ya terili, ule mlima wa mabaki ya kuyeyushia madini, wala mchanga wa mabaki ya viwanda, hata ukiletewa lori zima bure. Yana risasi, kobalti na metali nyingine, na wajukuu watacheza humo. Udongo wa kichuguu ni mzuri kwa mboga, kwa nyufa haufai, unashika maji mno. Nunua mchanga wa mto wenye chembe kubwa, uoshe mpaka maji yatoke safi, na mawe bapa uyachague mwenyewe machimboni kabla hayajapakiwa.

Adabu za kwenye uwanja wa mtu si ngumu kwa mwalimu. Bustani ya mtu binafsi si bustani ya manispaa. Ni sebule yake iliyo nje. Unafuata njia aliyokuonyesha, hukanyagi kati ya mawe hata kama panaonekana patupu, kwa sababu patupu pale pana mbegu zinazoota. Ruksaki acha kwenye gari: mgeni anageuka kusema neno na mwenzake, mkoba unafagia mmea uliolelewa miaka ishirini. Usiguse vibao vya majina. Usichume mbegu, hata moja iliyokwisha kudondoka. Omba, na mara nyingi utapewa, ndipo urudi kwenye habari ya cheti. Kupiga picha omba mara moja mlangoni, inatosha kwa bustani nzima. Usiitangaze anwani ya mwenyeji kwenye mitandao, kwa kuwa mimea adimu huibiwa, na wezi husoma kama sisi. Wenzetu wale wanashika saa: basi likisema saa tatu ni saa tatu. Na ukikaribishwa keki, kula. Kukataa kwa heshima ya Kiafrika mara tatu kutawafanya wairudishe ndani kweli.

Kuhusu viza nitasema machache. Omba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi, ambayo kwako ni Ucheki. Ombi la Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho wa kulipeleka ni siku 15 kabla ya safari. Usingoje siku hizo. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024 na hairudishwi ukikataliwa. Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 angalau. Waandalizi wakupe barua ya mwaliko yenye ratiba ya kila siku na mahali pa kulala. Uliza mapema kama alama za vidole zinaweza kuchukuliwa Lubumbashi au ni lazima Kinshasa, maana tiketi hiyo ya ndani inabadilisha hesabu yote. Salio la safari usilipe kabla ya viza kutoka, isipokuwa kwa maandishi yanayosema litarudishwa. Hapa mwanao anaweza kukusaidia badala ya kubishana. Mpe faili hilo alishughulikie.

Nimebakiza magoti makusudi. Bustani ya Schachen, ya Bustani ya Mimea ya Munich, ipo tangu 1901 kwenye mwinuko wa karibu mita 1,850, kando ya nyumba ya mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria. Hakuna gari la wageni. Kutoka Elmau, chini bondeni, ni kama kilomita 10, unapanda zaidi ya mita 800, saa tatu hadi nne kwa mtu anayetembea vizuri. Kupanda utaweza. Kushuka ndiko kunakobebesha goti uzito wote, na umesema mwenyewe ngazi zinakuuma ukishuka. Mwone daktari au mtaalamu wa viungo sasa, miezi kadhaa kabla, ili kama ni misuli ya mapaja iliyolegea upate muda wa kuiimarisha. Goti likivimba, likiwa la moto, likikwama au likikuachia ghafla, usilipie siku hiyo ya Schachen kabla hajakuangalia. Akikuruhusu, nunua fimbo mbili za kutembelea, na waulize waandalizi kama mnaweza kulala kwenye nyumba ya wageni iliyo huko juu ili mshuke kesho yake. Akikukataza, mwambie kiongozi wa safari mapema akupangie bustani nyingine bondeni siku hiyo. Wakati mwingine mwenye bustani hubaki nyumbani, na mgeni mmoja hupata maelezo ambayo kundi la watu kumi na wawili halipati.

Mbegu za kusini zikifika, au aloe zikianza kulainika tena kabla hujajenga upya, nenda na mmea wenyewe, na mizizi yake, kwenye Kitivo cha Agronomia cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kuoza kwa shingo kuna kuvu wa aina nyingi, na kwa picha ya simu hakuna anayeweza kuwatofautisha, mimi nikiwemo.